Sufi Kwenye Uzi wa Upinde

Nehemiah Musembi alitoka Riyadh hadi Jeddah amepakata upinde usio wake, kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa. Kilomita karibu elfu moja, na hakuuweka chini ila kwa kwenda haja.

Upinde ulikuwa wa kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, Ziyad, mwenye uwanja wa kulenga shabaha nje ya Riyadh. Ikama ya Nehemiah, kibali chake cha kuishi na kufanya kazi, ilisema ni mlinzi, lakini miaka minne sasa ndiye aliyekaza na kubadilisha nyuzi za pinde zote za uwanja ule, kisha akarudi getini. Ziyad, aliyelelewa na bibi yake Mzanzibari na kuongea Kiswahili chake, alikuwa amempa ahadi yenye ncha mbili.

"Nikipanda ndege Jeddah na uta wangu huu umetulia, haulii, nakuandika fundi. Usipotulia, ikama yako yaisha mwezi ujao. Sikuongezei. Halas."

Nehemiah alikuwa na miaka hamsini na mitano. Kibwezi alikozaliwa hapakuwa tena na anayemhitaji mtu wa pinde. Babake, mwindaji, alifungwa miezi sita kwa swala mmoja baada ya uwindaji kupigwa marufuku, na alipotoka aliuvunja upinde wake kwa goti, akautia motoni. Siku hizi wanaowinda kwa mshale ni wenye pesa, wanaopanda ndege kwenda kuwinda, na wao huitwa wanamichezo.

Ziyad alikuwa akienda Afrika Kusini. Shida yake ilikuwa kelele. Upinde wa kisasa, wenye magurudumu kwenye ncha, ukiachiwa hulia, na mnyama akiusikia uzi hujikunja kabla mshale haujafika, ukampita juu ya mgongo. Duka moja la Malaz, mtaa wa Riyadh, liliuza vipande vya mpira vya kufunga kwenye uzi ili kuuzima mlio. Ziyad alivinunua, Nehemiah akavicheka. Babake alifunga manyoya, na hakuna swala aliyemsikia. Basi akaenda soko la Batha, akatafuta sufi ya kondoo, akasokota mafungu mawili, akayafunga karibu na ncha za uzi. Katikati hakugusa. Uzito ukikaa katikati ya uzi, mshale ndio unaopokonywa mwendo.

Kifaa cha kupimia mwendo kilisema mshale uliokwenda futi mia mbili themanini na tano kwa sekunde sasa ulikwenda mia mbili sabini na tisa.

"Futi sita tu," alisema Ziyad. "Na kelele?"

"Sikiza, bosi."

Uzi ukatoa mlio wa mto wa kulalia ulioanguka zuliani. Ziyad alicheka. Wakakisogeza kidogo kilengeo, kile kidude cha kulengea upindeni, mshale ukarudi katikati ya shabaha.

Jeddah walifikia nyumba ya bibi yake Ziyad, kando ya bahari, na upinde ukatundikwa barazani hadi asubuhi. Kulipokucha walisimama uani, hatua arobaini kutoka kwenye shabaha. Mshale wa kwanza ulipiga vidole vinne chini. Wa pili pia. Wa tatu pia.

Ziyad aliutazama mkono wake. "Nimechoka na safari," alisema. Akazungusha skrubu ya kilengeo, akapiga tena, katikati. Akapiga mingine mitano, yote katikati. "Basi! Kesho nasafiri. Hongera, fundi."

Nehemiah alikwenda jikoni, chai ikamkataa. Mshale haushuki vidole vinne bure.

Rispah, mpishi wa nyumba ile, mwenyeji wa Kisii, alikuwa akigonga kichupa cha chumvi mezani.

"Hii chumvi itaniua, mzee. Jana nimeijaza, leo ni jiwe. Hewa ya hapa ni maji tupu! Nguo nimefua Jumatatu, leo Alhamisi, bado. Na wewe mbona hunywi? Umeachwa na bibi yako?"

Nehemiah alitoka hadi barazani, akaifinya sufi. Vidole vyake vikalowa.

Ndipo alipokumbuka kwamba msimu wa mvua babake aliutundika upinde juu ya moshi wa jikoni. Hakuwahi kumuuliza kwa nini. Kibwezi ni kukavu, Riyadh ni kukavu zaidi, na yeye maisha yake yote hakuwahi kukaa mahali ambapo sufi hunywa hewa. Sufi nzito, uzi mzito, mshale mvivu. Na huko Ziyad aendako ni kiangazi kikavu cha bara. Sufi itakauka, mshale utaurudia mwendo wake, na kilengeo kilichopangwa kwa mshale mvivu kitaupeleka juu ya mapafu. Mnyama atakimbia nao siku tatu.

Alirudi akamweleza Rispah.

"Na yeye anadhani ni mkono wake?"

"Ndiyo."

"Basi nyamaza! Huyo mnyama ni wa mama yako?"

Babake aliwahi kumfuata siku mbili, bila maji, kongoni aliyemjeruhi. Na hawa wanamichezo, nani angemfuata hata paka aliyejeruhiwa? Nehemiah alisimama mlangoni, jasho likimtiririka, mara mbili akarudi ndani. Mara ya tatu alikwenda.

"Bosi, kosa si la mkono wako. Ni sufi yangu. Imelowa."

Akaeleza yote.

"Ulijua?"

"Sikujua, mpaka leo."

"Basi huwi fundi wewe. Fundi hujua kabla." Akamtupia mkasi. "Kata."

Nehemiah alikata sufi, akafunga vile vipande vya mpira vilivyokuwa bado mkobani. Uzi ulilia kidogo zaidi, lakini mpira haunywi maji. Wakakipanga kilengeo upya. Ziyad alipiga mishale ishirini, kisha akaenda kuoga.

Wiki mbili Nehemiah alikaa getini Riyadh, kila simu ikilia akiiwahi. Ziyad aliporudi alimwonyesha picha ya tandala mkubwa, mshale nyuma ya bega.

"Alikimbia mbali?" Nehemiah aliuliza.

"Hatua thelathini, akalala."

Nehemiah akashusha pumzi. Ziyad akampa kadi ya ikama. Imeongezwa mwaka. Penye kazi paliandikwa: mlinzi.

"Mata yote ya uwanja nimempa fundi wa duka la Malaz. Ana cheti. Niletee ufunguo wa chumba cha mata."

Nehemiah akautoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani, akatoka kwenda kufungua geti. Gari lilikuwa limeshapiga honi mara mbili.