Karatasi ya Maziwa pale Kibaoni

Nilitoka Sanje asubuhi moja bila kujua ninakwenda wapi. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo miguu yangu haikutulia. Nilipofika Kibaoni, Ifakara, nikasimama kutazama mashine ya kutoa kopi. Mwenye duka akauliza kama nanunua au nashangaa. Nikamjibu nashangaa. Akanipa kitambaa nifute kioo, na hiyo ikawa siku yangu ya kwanza kazini.

Vijana mnaona steshenari ni kubonyeza tu. Sisi tulijifunza kutikisa wino wa unga usiache michirizi, na kutunza masta, yaani ile karatasi safi inayozaa nakala zote. Kwenye meza ya pili tuliingiza nyimbo na video katika simu. Wateja wengi hawakuchagua. Walisema, "Nijazie tu, mzee," wakaenda sokoni.

Kisha likaja kundi lililotaka wafugaji wafukuzwe bondeni. Mjumbe wao tulimwita Katibu, mtu mpole, shati limepigwa pasi. Masta yake ya kwanza haikuwa na jina la mwandishi: "Anayenunua maziwa ya wafugaji ameuza shamba lake." Wakulima na wafugaji walikuwa tayari wanagombania ardhi, hivyo maneno yalipata pa kushika. Wakabandika nakala kwenye mashine ya kukoboa mpunga, wakapiga picha watu wakizisoma, wakaituma mtandaoni wakidai kwamba bonde zima limeamua. Baadaye Katibu akaleta picha hiyohiyo nitoe kopi, iwe ushahidi. Karatasi ilizaa mtandao, mtandao ukazaa karatasi. Bonde lenyewe halikuwa limesema kitu.

Akataka pia video zao nizichanganye na nyimbo. Wanaosema "nijazie tu," alieleza, hawatauliza. Nilikataa. Mwenye duka akaninong'oneza kwamba sisi tunauza kopi, hatuuzi maneno.

Siku ya mwisho masta ilikuwa na picha ya Mama Limbu, mfugaji aliyeuza mtindi mbele ya duka letu. Chini yake: "Tuanze na huyu."

"Mnaanza nini?" nikamuuliza.

"Wewe toa kopi, mzee wangu. Mengine watamalizia wananchi."

"Wananchi si ndio mimi na wewe hapa?"

Akatabasamu, akamtazama mwenye duka. Mwenye duka akatazama barabarani, akaniambia niwashe mashine.

"Washa mwenyewe, bosi."

Nikatoka kumwambia Mama Limbu. Akafunika ndoo yake polepole, akauliza kama ni wateja wake ndio watakaomdhuru. Nikamwambia sijui, na kwamba hilo ndilo linalonitisha. Gari lililokuwa linaondoka lilikwenda kijiji cha Mbingu. Tukapanda.

Sijarudi kwenye kazi ile. Siku hizi vijana wakinionyesha picha ya umati simuni, nawaambia waulize kwanza nani alibandika karatasi, na nani alikuwa amesimama tayari na kamera.

Siku ile, kule Mbingu, tuliingia nyumba ya wageni ya mama mmoja mtu mzima. Alimtazama Mama Limbu, akatazama simu yake, akamtazama tena. Picha ilikuwa imetutangulia.

"Ndiye huyu?" akaniuliza mimi.

Kabla sijapata uongo wa kusema, Mama Limbu akajibu mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Ndiye mimi."

Yule mama akailaza simu kifudifudi mezani.

"Marahaba. Vyumba viko viwili. Wewe chukua hicho cha nyuma, kina komeo kwa ndani."