Wazee Watatu, Maneno Yaleyale

Admin, nifichie jina. Ndugu zangu wengi wanaufuata ukurasa huu.

Mimi ni binti wa miaka 24, nasoma historia chuo kikuu, mwaka wa mwisho. Nyumbani ni Somanda, Bariadi, ila asili ya baba ni Sapiwi. Huko ndiko nilikokwenda kufanya utafiti wa tasnifu yangu, kuhusu jinsi koo zilivyohamia pale na kupata mashamba.

Baba mkubwa, ambaye ndiye kiongozi wa ukoo wetu, alifurahi. Alinipeleka mwenyewe kwa wazee watatu, na kila nilipohoji alikaa pembeni. Wote walisema babu yetu alikuta pori tupu, akafyeka kwa mikono yake. Nikaandika, nikaona nimemaliza.

Msimamizi wangu aliposoma akaniuliza, "Mbona wote watatu wametumia maneno yaleyale? Nani alikuwepo wakiongea?" Nilipomtajia, akanishauri nirudi peke yangu.

Nilirudi kwa mmoja wao, bibi mjane, bila kumwambia baba mkubwa. Nikamsalimia kwa kilugha chetu, mwangaluka mayu, nikakaa kumsaidia kuchambua pamba. Baada ya muda akaanza kusimulia mwenyewe, nami nikamwomba nirekodi, akakubali. Alisema pale hapakuwa pori. Palikuwa na familia, mama yao akaitwa mchawi, wakahamia upande wa Lagangabilili. Hawajafika mbali, ng'ombe wa babu wakaanza kulishwa kwenye shamba lao.

Tangu siku hiyo najiuliza ni nani aliyeanzisha yale maneno ya uchawi. Lakini chuoni nimefundishwa kumtilia shaka kila anayesimulia, na baadaye nikasikia kwamba mtoto wa huyo bibi anagombania mpaka wa shamba na baba mkubwa. Huenda na yeye ana lake.

Nilimuuliza baba taratibu. Akainuka, akatoka nje. Kesho yake baba mkubwa akafika Somanda na bodaboda, akakataa hata maji ya kunywa. Akaniuliza mbele ya wazazi wangu, "Nani amekutuma?"

Nikamwambia ni masomo tu. Akasema hakuna masomo ya kufukua marehemu, kuna watu wanataka shamba na wamenitumia mimi. Baba hakunitetea. Haikupita wiki, yule bibi naye akaniletea ujumbe kwamba hakuniambia kitu, nifute sauti yake.

Msimamizi anasema mtu akikataa, maneno yake siruhusiwi kuyatumia. Ila naweza kwenda Lagangabilili kuitafuta ile familia. Nikienda, watajua nani analima shamba lao, na hapo sijui ukoo wetu utaishia wapi. Nisipoenda, nitakabidhi kazi nisiyoiamini yenye jina langu juu.

Jana mama amenipigia. Siku zote huniuliza kama nimekula na kama nasali, basi. Jana aliniuliza zile rekodi ziko kwenye simu tu au nimeziweka na kwingine. Kabla sijajibu nikasikia mwanaume anakohoa karibu yake, na hakuwa baba. Nikasema nimeshafuta zote. Ni mara ya kwanza kumdanganya mama yangu, na nadhani hata yeye hakuniamini.

Nimebaki sina mtu wa kumuuliza nyumbani, ndiyo maana nawauliza ninyi msionijua. Niende Lagangabilili, au niache? Nishaurini, tafadhali, na msinitukanie ukoo wangu.