Pilipili Hoho za Dafina

Mke wangu Dafina alitunga majani ya tumbaku kwenye uzi tangu utoto wake, hapa hapa bonde la Strumica. Vidole vyake vilikuwa vyeusi, vigumu, havisikii moto. Ndiyo maana kila mwisho wa kiangazi, mtaa mzima ukinukia pilipili hoho za kuchoma, wanawake walimletea zao awamenyee. Alizimenya zingali zinafuka moshi, kisha akazisaga na kuzipika ziwe rojo la kupaka mkate. Kazi yangu ilikuwa kuni tu, kisha kukaa kando nikingoja kipande cha mkate kilichochovywa sufuriani.

Kiangazi alikipenda. Tikiti maji alilipasulia gotini, kule shambani, akala moyo wake, mabaki akawatupia kuku. Alitembea peku hadi mvua ya kwanza.

Mwaka huu Agosti ilimkuta kitandani. Tumbo. Daktari alisema machache, nasi hatukuuliza zaidi.

"Mzee," akaniambia, "zimeiva?"

"Bado. Zina kijani mabegani."

"Nitazisubiri. Ila zisijivute sana."

Zilipokuwa nyekundu nilijaza gunia, nikawasha jiko la bati uani, chini ya dirisha lake. Jirani yetu Spasija akaegemea uzio.

"Leo jogoo anataga."

"Pita zako."

"Napita. Usiziunguze tu. Mgonjwa hali makaa."

Ngozi ilinishinda kumenya. Inaunguza, inanata. Nikazipeleka bombani. Chini ya maji ngozi ilitoka yenyewe, nikajiona fundi. Nikazisaga, nikazikoroga na mafuta hadi mwiko ukaacha njia nyuma yake kwenye sufuria. Nikampakia kwenye mkate.

Alitafuna muda mrefu.

"Umeziosha."

"Kidogo."

"Hakuna kidogo. Moshi wote umeumwaga mferejini. Miaka yote ulikaa pale unatazama. Ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikuwa nakutazama wewe."

Alicheka hadi akashika tumbo. Kisha akauliza, "Shambani zimebaki?"

Zilibaki za mwisho. Baridi ilikwishaanza, majani yake yamesinyaa. Nikazichuma, nikazichoma, nikazimenya kwa vidole vitupu bila tone la maji. Malengelenge yakanitoka. Nilikoroga mchana kutwa. Spasija alipita, akaonja ncha ya mwiko. Safari hii hakunitania.

Nilipoingia, Dafina alikuwa hawezi tena kumeza. Nikampaka mdomoni kwa kidole. Akafumba macho, akalamba. Nikangoja aseme. Aliushika mkono wangu, akayapapasa malengelenge, moja baada ya jingine.

Alikufa kesho yake, mvua inanyesha.

Kwetu, alichokipenda marehemu hugawiwa kaburini. Siku ya arobaini nilibeba chupa zote za rojo nilizokuwa nimejaza siku ile ya malengelenge. Wanawake walikula wamesimama kwenye tope, mkate mkononi, kila mmoja akisema Mungu amsamehe.

Mama mmoja wa mtaa wa juu akakwangua chupa. "Huu ni mkono wake kabisa," akasema. "Marehemu alizipika lini hizi?"

Spasija akanitazama, kisha akamgeukia yule mama.

"Kula tu, dada."

Nikakusanya chupa tupu nikarudi nyumbani. Sikubakiza hata ya kuchovya mkate. Vidole vilikuwa vimeshapona.