Hodi Kwenye Nyumba ya Kimya

Siku ya kwanza kazini, pale maktaba ya Masasi, Mkutubi Bwana Chilumba alinipa kitambaa cha vumbi na neno moja: "Kimya." Mimi shule niliishia darasa la nne, Chiwata, lakini tarakimu nazijua, na kila kitabu kina namba mgongoni. Ukiifuata, kinarudi rafuni kwake. Niliipenda kazi ile, jamani. Asubuhi wanafunzi walisukumana mlangoni wakiwahi benchi.

Baadaye nikahamishiwa Newala, kwa Mkutubi Bi. Stella. Huko ndiko simu zilikotukuta. Watoto wakawa wanasoma kiganjani, benchi zikabaki na baridi yake ya asubuhi. Afisa mmoja wa halmashauri akaja kutuambia: "Bi. Stella, nisipoona watu humu, msimu wa korosho ukifika napafanya stoo ya magunia."

Tukiwa na hofu hiyo, Mzee Liyumba, mkulima wa korosho, akasimama mlangoni.

"Hodi!"

Sisi kimya, ndiyo sheria.

"Hodi!"

Tukatazamana. Ya tatu ilipokosa jibu, akageuka zake. Nikamfuata nje.

"Shikamoo, mzee. Mbona waondoka?"

"Marahaba, Mama Fatu. Hodi tatu, watu mmo! Mmefiwa, au mnakula mkajificha?"

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Bi. Stella hakucheka. "Kumbe wangapi wameishia hapo mlangoni?" Palepale akaamua: chumba cha nyuma kibaki na kimya chake, cha mbele tuitikie karibu, watu waongee.

Mzee akaingia na simu yake, ndani ana picha za shamba lake. Shida yake ilikuwa ule unga mweupe unaokausha maua ya mikorosho. Bi. Stella akatafuta kwenye kompyuta, mimi nikaleta kijitabu cha picha, tukalinganisha. Kesho yake mzee akaja na wenzake, wamebeba matawi.

"Lako hilo si ugonjwa," mmoja wao, Mama Zainabu, alimtania mzee, "ni uvivu wa kupalilia!"

Afisa aliporudi na futi ya kupimia chumba, hakuona pa kuitandaza, watu wamejaa.

"Baba, sogea," Mama Zainabu akamwambia, "watuzibia mwanga."

Akasogea. Akaikunja futi, kisha akaniuliza taratibu kama tuna kitabu cha kuku wanaokufa kwa kideri.

Sasa nimestaafu, nipo kwa binti yangu, huko Mkomaindo, Masasi. Nyinyi mnaoanza kazi mna mashine nyingi, nami nawafurahia. Ila nakumbuka sana zile kelele za chumba cha mbele. Stoo walijenga kwingine. Kitabu cha kuku, mpaka naaga kazi, afisa alikuwa hajakirudisha.