Taa Isiyomwona Mwenye Nyumba

Mnaonijua mnajua sinywi, na kudanganya hakuniletei mteja hata mmoja. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapahapa Mabira, na nyumba yenyewe bado naishi humo.

Nyumba hii ni ya watu wawili, kaka na dada, waliorithi kwa marehemu mama yao. Mimi ni fundi cherehani, naishi peke yangu, na kule nilikotoka wezi walivunja mlango wakazoa vitambaa vyote vya wateja. Kwa hiyo nilipohamia nikamwomba kaka mtu ruhusa, nikaweka taa ya nje inayowaka yenyewe mtu akipita, na kitasa kinachofunguliwa kwa simu. Dada mtu anaishi Bugomora, sikumuuliza. Nani anauliza watu wawili kwa kitasa kimoja?

Siku za mwanzo niliichezea ile taa kama mtoto. Kuku akipita, inawaka. Mbuzi wa jirani, inawaka.

Jioni moja, giza ndiyo linaanza kuingia, nikasikia kitasa kinalia, mlango ukafunguka. Simu ninayo mkononi, sijagusa kitu. Mlangoni amesimama bibi mmoja wa kitenge, miguu mitupu ina udongo wa shambani, na taa ya nje haijawaka. Hebu niambie, taa inayomwona kuku inashindwaje kumwona mtu mzima?

Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akapita moja kwa moja akakaa pembeni ya dirisha bila kuonyeshwa kiti. Kisha akafungua kiganja, akanipa punje za kahawa nitafune, vile mwenye nyumba wa huku anavyomkaribisha mgeni. Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Mgeni alikuwa yeye au mimi?

Nikatafuna. Niliogopa, ndiyo, lakini niaminini, hamu ya kujua ilikuwa kubwa kuliko woga. Nikamuuliza amefunguaje mlango.

"Mlango huu sijawahi kuufunga," akasema. "Wanangu wangeingiaje?"

Akainuka, akakata uwanja kuelekea migombani, kwenye makaburi ya nyumba hii. Taa kimya. Nilipotoka mimi kumfuata, ikawaka palepale, na uwanjani hapakuwa na mtu.

Asubuhi nikampigia dada mtu, nikamweleza yote. Akauliza kama ile kahawa niliitafuna. Nikamwambia niliitafuna.

"Basi mama amekukaribisha," akasema, na nikasikia analia. "Ungeikataa, ningekuambia uhame leo."

Tangu hapo kitasa hakikubali kufunga giza likiingia. Nimebadilisha betri, nimeita fundi, wapi. Nalala mlango umerudishiwa tu, mimi niliyekuwa nikishtushwa hata na panya, na hakuna aliyegusa uzi wangu.

Ndugu yangu, kabla hujatoboa ukuta wa nyumba ya kupanga, waombe ruhusa wenyewe wote, na usihesabu walio hai peke yao. Na ukipewa kahawa, tafuna.