Mtu wa Kutangulia Kaburini

Vitabu vya falsafa nimesoma vingi kuliko inavyomfaa mwalimu wa Ifakara mwenye shamba la mpunga linalongoja palizi. Karibu vyote vinarudia jambo moja: mtu aliyezoea kukifikiria kifo hakiogopi kikija. Nililiamini hilo miaka mingi, na aliyenifanya niliamini ni baba yangu.

Baba alikuwa mtani. Asiyeujua utani wa misibani nimwambie: kwetu bondeni, wakifiwa watani zako, wewe ndiye unayeruhusiwa kuuchezea msiba wao. Baba alikuwa akivaa koti la marehemu, anatembea mwendo wake, anakohoa kikohozi chake, mjane mwenyewe anacheka huku machozi na kamasi vinamtoka. Kaburi likishachimbwa anaruka ndani, analala chali, anajinyoosha. "Hapa pembamba, jamani. Mtu wenu alikuwa anapenda wali." Hatoki mpaka apewe kuku. Nikimtazama najisemea, huyu mzee kafanya mazoezi ya kufa kuliko wote walioandika vitabu vyangu.

Kisha akaota uvimbe kooni. Hospitali wakasema tumrudishe nyumbani, na sote tukaelewa maana yake. Nikakaa naye, nikamsomea kitabu nilichokipenda kuliko vyote, palipo pagumu namweleza. Alisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza mgeni wa serikali. Nilipokifunga akaniuliza kwa sauti ndogo iliyobaki:

"Msomi wangu, aliyeandika hayo alikuwa anaumwa?"

"Sijui, baba."

"Basi mimi naogopa."

Nilikasirika. Ndiyo, nilimkasirikia mtu anayekufa, kwa kuwa alikuwa ananiharibia kitabu changu. Nikamwuliza, sasa makaburi yote yale aliyoyalalia yalimfundisha nini?

"Kule nilikuwa najua nitatoka," akasema.

Akanishika mkono akaniomba jambo moja tu. Kaburi lake asiwe yeye wa kwanza kuliingia. Mtani wake wa Chita aje, alale kwanza, apafanyie mzaha, apaache na joto la mtu. Nikamwahidi.

Alifariki masika, mvua haikatiki, bonde lote limejaa maji. Mtani akaja kwa treni, mzee mwenzake, mguu mmoja anauburuta. Tukamvalisha koti la baba. Akasogea ukingoni mwa kaburi, akachungulia. Kule chini maji yalikuwa yanachuruzika kutoka pembeni, vijana wanayateka kwa ndoo. Watu walishajiweka tayari kucheka. Mzee akalivua lile koti, akalikunja vizuri, akanipa.

"Huyu simuwezi," akasema. "Na mimi zamu yangu iko karibu mno."

Akaenda kukaa pamoja na wanawake waliokuwa wanalia. Mchungaji akaanza kutafuta ukurasa wake, nikaona ahadi yangu inazikwa kabla ya baba. Nikaliweka koti chini, nikavua viatu.

Baba mdogo akanidaka mkono. "We una wazimu? Mtoto hachezei msiba wa baba yake. Utatuletea mkosi."

"Niachie, baba mdogo."

Nikaruka.

Nililala chali kama alivyokuwa akilala yeye. Maji yakaingia mgongoni, ya baridi kweli. Juu niliona kipande cha mbingu na nyuso zilizoinama, na hakuna aliyecheka. Nilitafuta sentensi hata moja kati ya zile nilizozipigia mistari miaka yote, sikuipata. Baba alistahili mzaha, na mzaha nao sikuwa nao. Nikasema tu, "Panakutosha, baba," na sauti yangu ikanitisha mwenyewe.

Nilikusudia kulala pale mpaka udongo upate joto kidogo. Sikuweza. Nikainuka na kuanza kuparamia kuta, udongo unamomonyoka mikononi, nimesahau ahadi, nimesahau baba, nataka kutoka tu. Vijana wakanishika mikono wakanivuta juu, nimelowa matope, meno yanagongana. Baba mdogo alinifunika lile koti.

Mimi nilijua nitatoka, na bado niliogopa hivyo. Kisha wakamshusha baba.