Tulisafisha chini ya flyover, tukaletewa taka

Leo nimekosana na mama aliyetuombea.

Jumamosi tatu mfululizo, mimi na wenzangu wa mtaa tumesafisha ile nafasi chini ya flyover, ile barabara ya juu, hapa Eldoret. Tulitoa matope na chupa, tukaweka mabenchi ili watu wapate pa kujikinga na mvua.

Tulipomaliza, jirani yangu Mama Nekesa alituombea. Aliomba sana, jamani.

Leo jioni nikitoka kazini, nimekuta mtu ameinama anaweka mfuko wa taka kando ya benchi.

Ni yeye.

"Mama, si hapa ndio tulisafisha?"

"Ndiyo maana nimeleta hapa. Mahali pasafi hivi lazima gari ya taka ya kaunti inapita."

Nikamweleza hakuna gari. Hapa ni pa kukaa tu.

Akaniangalia kwa huruma. "Kukaa chini ya barabara, na mko na nyumba?"

Kabla sijajibu, mvua ikashuka. Tukakaa benchi moja karibu nusu saa. Hakulowa hata kidogo.

Mvua ilipoisha akasema, "Kweli hapa ni pazuri."

Halafu akaenda zake, akaniachia mfuko.

Sasa naubeba kwa miguu mpaka kwetu Kimumu. Nyinyi mngemwambia nini?